Kabange Hajatukanwa

Kosa la kwanza la Dorothée pale Kamina lilikuwa kula akiwa ameutazama ukuta.

Msichana huyu alitoka Urundi, milimani karibu na Kitega, mwaka ule reli ya kutoka Kabalo ilipokuwa mpya kiasi kwamba watu wa Kamina walikuwa bado wanavaa nguo za Jumapili kwenda kuitazama. Alivuka ziwa kwa meli, akapanda treni, akateremka na sanduku la mbao mkononi na rozari shingoni. Alikuja kujifunza ukunga katika nyumba ya uzazi ya watawa. Padri wa parokia ya kwao alikuwa na dada yake mtawa hapa Kamina, Masoeur Godelieve, mkuu wa shule hiyo ya ukunga, na ndugu hao wawili ndio waliopanga safari yote. Hakuna binti wa mlima ule aliyewahi kutumwa kusoma ng'ambo ya ziwa. Siku ya kuondoka, bibi yake alimshika mabega akamwambia, "Nenda, lakini ujue mlima mzima unakutazama mgongoni. Usiturudie na aibu." Sanduku lilikuwa jepesi, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mzigo.

Alipewa chumba kwa Mama Mujinga, mjane aliyekuwa akikaanga mikate na kuiuza karibu na stesheni. Mama Mujinga alikuwa mwanamke mwenye mwili wa kutosha, moyo wa kutosha, na sauti iliyozidi. Jioni ya kwanza alisonga bukari, ugali wa huko, akapika mchicha wa lengalenga na samaki mkavu wa Malemba-Nkulu, akatandika mkeka uani na kuita watu. Dorothée alipiga goti, akashukuru kwa kunong'ona, akachukua sahani yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwao mtu mwenye malezi haonyeshi wageni mdomo unaotafuna. Kula ni jambo la faragha, kama kuoga.

Sasa, kwa watu wa Kamina, anayekula peke yake ni mmoja wa wawili: ama mchoyo ama mchawi. Mama Mujinga alivumilia siku chache, maana mgeni ni mgeni, lakini uvumilivu haukuwa kazi yake. Jioni moja aliupiga mlango kwa kiganja.

"Weye mutoto! Unakula na nani mule ndani?"

"Ninakula peke yangu, mama. Ni heshima."

"Heshima ya nani? Ya ukuta?"

Dorothée akatoka na sahani yake, macho chini, akaeleza. Mama Mujinga alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka na kupiga mahali pa kukaa. Tangu siku hiyo Dorothée alikula uani pamoja na wengine, mwanzoni akiwa ameziba mdomo kwa upande wa kitambaa chake. Samaki alimchukua muda zaidi. Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea.

Mengine aliyajifunza haraka, maana kichwa alikuwa nacho. Alijifunza kuinama na kupiga makofi polepole mbele ya wazee na kujibu "Eyo vidye," jibu la Kiluba la kumheshimu mkubwa. Alijifunza kwamba hapa watu husalimiana kutoka ng'ambo hii ya reli hadi ile, na kwamba anayezungumza kwa sauti ya chini hudhaniwa ana la kuficha. Kwao wanawake wakikutana hushikana mikono na mabega, wakaimbiana salamu ndefu, za pumzi moja, mmoja akishusha na mwingine akipokea. Huziita akazehe, na bibi yake alikuwa bingwa wake. Hapa salamu hiyo haikuwa na wa kuipokea. Aliikunja akaiweka moyoni.

Darasani hakuwa na mpinzani. Mikono yake ilikuwa midogo na haikuwa na papara. Masoeur Godelieve, ambaye sifa kwake zilitoka kwa shida kuliko jino, alianza kumwita asimame karibu naye. Dorothée akaanza kujiambia kwamba Kamina ameshaijua. Hapo ndipo mgeni huanguka. Anapojua kwamba hajui, huuliza. Anapodhani ameshajua, hatazami tena mguu unapokanyaga.

* * *

Asubuhi moja aliletwa Jeannine, mke wa Kisimba fundi wa reli. Mimba yake ya kwanza ilikuwa kubwa hata mlango wa chumba cha uzazi aliupita kwa upande. Alikuja na mama mkwe wake, Mama Umba. Huyu siti nzima, mtaa wote wa Waafrika, ilimwita Lolo, yaani mama kwa Kiluba, hata wale waliokuwa na umri wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Kesi za ndoa zilizoshindikana kwa padri zilipelekwa kwake, na huko zilikwisha.

Mtoto wa kwanza alitoka bila matata, akalia vizuri. Dorothée alipoweka kiganja juu ya tumbo la Jeannine, akahisi kitu kigumu na chenye uhai. Akamtazama Masoeur. Masoeur alikuwa amesimama nyuma yake, mikono amejifunga mgongoni.

"Endelea," alisema.

Wa pili alitanguliza miguu. Dorothée hakuvuta, alisubiri, akamwongoza, akamgeuza bega polepole kama alivyofundishwa, huku akimsemesha Jeannine kwa sauti yake ile ya chini. Mtoto akatoka mdogo, wa buluu, kimya. Akamsafisha kinywa, akampuliza, akamsugua mgongo. Kimya. Akamsugua tena. Mtoto akakunja uso kama mzee aliyeamshwa, akalia.

"Vizuri," alisema Masoeur Godelieve. Neno moja tu, lakini Dorothée alihisi limesikika hadi Kitega. Alitamani bibi yake angekuwa mlangoni. Alisimama pale na watoto wawili mikononi, damu hadi kwenye viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa hakujiona mgeni.

Masoeur akatazama dirishani, akaona wanawake wanakusanyika uani. Akavua aproni yake haraka haraka.

"Mimi naenda ghalani kuhesabu mashuka," akasema.

Dorothée alishangaa. Mashuka walikuwa wameyahesabu pamoja jana yake.

Hata hajamaliza kushangaa, mlango ukafunguka. Waliingia wanawake, wengine wamejipaka pembe, ule udongo mweupe, usoni na mikononi, wengine wanagonga sufuria kwa vijiko. Mbele yao alikuwa Mama Umba. Mwanamke yule yule mkavu, mwenye heshima zake, alikuwa anatikisa kiuno na kuimba:

"Kisimba eh! Kichwa ya nyundo!
Banamutuma kuleta mutoto moja,
Analeta mbili, hajue kuhesabia!"

Na wengine wakapokea:

"Jeannine eh! Tumbo sawa gunia ya muhogo,
Kila muntu anatia mukono, anatosha kitu inje!"

Huo ulikuwa utangulizi. Yaliyofuata yalishuka chini ya kiuno cha Kisimba na cha Jeannine na hayakupanda tena juu, na karatasi ya heshima haiwezi kuyabeba. Vikongwe waliyataja mambo ambayo Dorothée hakuwa ameyasikia yakitajwa hata darasani, ambako angalau yalivikwa Kifaransa.

Akapigwa na bumbuwazi. Kwao nyumba ya mzazi ni nyumba ya kunong'ona. Na huyu mzazi, yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumvusha kwa mikono yake; na sasa mama mkwe wake mwenyewe anamwita gunia! Hasira ilimpanda, ile hasira ya watu wapole ambayo haina mazoezi na kwa hiyo haina breki. Akawalaza watoto, akainua beseni la maji ya sabuni, akayamwaga sakafuni miguuni pa wanawake.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni nje! Na wewe, mtu mzima kama wewe, huna haya?"

Hilo la mwisho alimwambia Mama Umba, usoni, mbele ya siti nzima. Kisha akafunga mlango na kuutia komeo.

Nje sufuria zilinyamaza. Dorothée akageuka, akingojea shukrani ya Jeannine. Jeannine alikuwa amegeukia ukuta, analia.

"Umebafukuza," alisema. "Sasa batoto batasema hatubataki."

* * *

Mkubwa aliitwa Kyungu na mdogo Kabange, kama mapacha wa Baluba wanavyoitwa tangu zamani, na Kabange hakunyonya. Kyungu aliambulia kidogo kidogo. Maziwa ya Jeannine yalikuwa yamekataa kushuka, naye alikuwa halali wala hasemi. Kabange alifunga mdomo. Dorothée alimpa matone ya maziwa kwa kijiko, tone baada ya tone, na mengi yakarudi shingoni.

Asubuhi yake Mama Umba alikuja. Dorothée aliinama, akapiga makofi. Makofi hayo hayakujibiwa, na kwa Mluba hilo ni kofi lenyewe. Bibi akawatazama wajukuu zake wawili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kabange hajatukanwa. Hajaingia mu nyumba bado. Iko nasimama pa mulango, anangojea."

Akaondoka.

Maneno hayo yalitangulia kufika sokoni. Kufikia mwisho wa siku kila mwanamke mwenye tumbo alijua kwamba katika nyumba ya uzazi kuna Murundi anayewamwagia mapacha maji machafu. Benchi la barazani, lililokuwa likijaa wajawazito tangu alfajiri, likabaki na paka. Wanawake wakazalia nyumbani, kwa bibi zao, kama zamani.

Masoeur Godelieve alimwita Dorothée ofisini. Hakumkaripia. Ingekuwa nafuu angemkaripia.

"Shule ya ukunga bila wanaojifungua si shule," alisema. "Ndani ya juma moja umefunga mlango niliochukua miaka kuufungua. Wakirudi, utabaki. Wasiporudi, Jumamosi utapanda treni ya Kabalo, nami nitamwandikia kaka yangu kwamba nilikosea kukuchukua."

"Masoeur, lakini yale matusi... Hata wewe huyapendi."

"Mimi ni mtawa. Nikisema waimbe, nimebariki matusi. Nikisema wasiimbe, nimefukuza Kamina. Ndiyo maana mapacha wakizaliwa mimi huhesabu mashuka." Akakunja uso. "Nilidhani mwenye akili kama zako angenifuata ghalani."

Ndivyo walivyo wakubwa. Hutegemea uelewe wasichosema, na usipoelewa hukuandikia barua. Dorothée alitoka. Njiani aliiona reli inavyonyooka kuelekea kaskazini, akaona mlima mzima umesimama kumpokea na sanduku lake, bibi yake mbele. Alilia waziwazi, barabarani, bila kitambaa.

Mama Mujinga alimkuta uani ameketi karibu na sufuria ya mafuta.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Dorothée alisema.

"Juu hukuuliza, mama. Ulikuwa unajua byote." Mama Mujinga alichota donge la mkate kwa vidole, akalitupa mafutani. "Sikia. Mapasa habakuye sawa batoto bengine. Beko bageni bakubwa, sawa bafalme. Bengine batabaonea wivu, bengine batabasifu mupaka bakufe. Basi siye tunafanya nini? Tunabatukana. Tunatukana baba, tunatukana mama, tunatosha haya yote inje, mupaka hakuna tusi inabakia kwa adui. Mutoto anasikia, anasema: ah, hapa njo kwetu, hapa bananizoea. Anaingia."

"Na mtu asiyetukanwa?"

"Huyo njo mugeni. Nani anaweza kutukana mugeni?"

Dorothée alikumbuka kwamba tangu afike hakuna mtu wa Kamina aliyewahi kumtukana yeye. Wote walikuwa wamemheshimu sana.

"Mama," akasema, "nifundishe."

Kuomba msamaha, alielezwa, kungekuwa kosa juu ya kosa. Mama Umba hakuhitaji mtu wa kumpigia magoti. Magoti alikuwa nayo ya kutosha. Kilichofukuzwa ni wimbo, na wimbo ndio uliopaswa kurudishwa na mdomo ule ule uliofukuza. Dorothée angepaswa kwenda mbele ya wanawake wote na kumtukana Mama Umba, mwanawe, mkwewe na wajukuu zake, mpaka watosheke. Na zawadi ziwe mbili mbili, maana ukimpa mmoja wa mapacha na kumsahau mwenzake, umewachokoza wote.

Basi uani kwa Mama Mujinga kukawa na mazoezi. Dorothée aliambiwa aitukane sufuria. Akaiambia kwamba ni nyeusi. Mama Mujinga alitikisa kichwa kwa huzuni. Akaambiwa amtukane mbuzi wa jirani; akamwita mbuzi, kisha akamwomba radhi. Majirani walichungulia juu ya ua wa matete na kujiumiza mbavu. Nyimbo za Kamina alizijaribu, lakini mdomoni mwake zilikuwa nguo za kuazima. Kiuno kilikataa, sauti ilikataa kupanda. Ukienda kwa wenye chongo, wanasema, vunja lako jicho. Jicho la Dorothée lilikataa kuvunjika.

"Haitaweza," alisema mwishowe. Hata Kiswahili cha Kamina kilikuwa kimeanza kumwingia, tena siku mbaya. "Mama, mimi sikulelewa hivi. Nitapanda treni."

Mama Mujinga alifuta mikono yake kwa kanga. "Kwenu bantu habana midomo? Kwenu banamuke banakutana namna gani?"

Dorothée akamwonyesha. Akasimama, akamshika mabega mama yule mnene, akaanza ile salamu ya kwao, kwa sauti ya chini inayotetemeka, maneno yakifuatana bila pengo. Aliendelea hadi pumzi ikaisha. Mama Mujinga alikuwa ameacha mikate iungue.

"Aleluya," alisema Mama Mujinga taratibu. "Na ndani ya ile wimbo munatiaka nini?"

"Baraka. Ng'ombe, watoto, amani."

"Tosha ng'ombe inje," alisema Mama Mujinga. "Tia Kisimba."

* * *

Ijumaa mchana wanawake walikusanyika mbele ya baraza la nyumba ya uzazi. Mama Mujinga alikuwa amepita mlango kwa mlango akitumia sauti yake yote. Walikuja bila sufuria, bila pembe; walikuja kutazama tu, mikono wamejifunga vifuani. Mama Umba alisimama mbele yao, mkavu kuliko siku zote. Kisimba mwenyewe, mwanamume mkubwa mwenye mikono ya kuinua reli, alijificha nusu nyuma ya nguzo. Dirishani alionekana Jeannine, Kyungu mkono mmoja, Kabange mkono wa pili. Masoeur Godelieve alitokea mlangoni, akaona watu, akageuka kwenda kwenye mashuka yake. Ila safari hii, wanasema, mlango wa ghala aliuacha wazi.

Dorothée alishuka ngazi. Aliweka chini kuku wawili, vikapu viwili vya unga, chupa mbili za mawese. Hakuinama, hakupiga makofi. Alimwendea Mama Umba moja kwa moja, akamshika mabega kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna mtu aliyelithubutu tangu mumewe afe, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti ya chini, tamu, ya mtu anayembembeleza mtoto:

"Jambo Umba, jambo mama ya Kisimba, jambo weye mwenye mikono mikavu sawa mpini ya jembe, jambo weye mwenye kuzaa Kisimba bila kichwa ukamubandikia kichwa ya mbuzi, jambo mbuzi, jambo Kisimba mwenye kupanda mbegu, akasahau kama amepanda, akarudi kupanda ingine, jambo Jeannine mvivu, mwenye kuona kuzaa mara mbili ni kazi, akabeba bote safari moja, jambo Kyungu mlafi, mwenye kukimbia mbele akamuacha ndugu yake mu giza, jambo Kabange, bwana mkubwa, mwenye kutanguliza miguu sababu uso yake mbaya aliionea haya, jambo Kabange mwenye kunikanyaga mkono na hajasema pole, ingia, mbaya weye, ingia, nani atakungoja pa mlango, na jambo Dorothée, kichwa ya jiwe, mjinga aliyevuka ziwa, mwenye kumwagia wakubwa maji ya sabuni, na yeye mwenyewe akili yake haijanawa hata leo, jambo, jambo, jambo..."

Pumzi ikaisha. Sauti ilikuwa haijapanda hata mara moja.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyewahi kutukanwa hivyo pale Kamina, kwa utamu ule, na ilibidi matusi yashuke kwanza yafike tumboni. Dorothée alibaki ameshika mabega ya mwanamke yule, macho kwa macho, na kwa sababu alikuwa amekwisha kupoteza kila kitu, hakutazama chini.

"Murundi," alisema Mama Umba, "mudomo yako iko sawa ya chura. Chura ya mu mulima. Hata maji haijue."

Na Dorothée, binti wa watu wapole, alihisi machozi ya furaha yanamtoka, maana alijua kwamba yeye pia amekwisha kutukanwa.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mama Mujinga, mengine hayakuhesabika. Mtu akaleta pembe, mtu akakumbuka sufuria, na Mama Umba akatikisa kiuno, na yale ya chini ya kiuno yakarudi yote, pamoja na mengine mapya yaliyomhusu Dorothée na mume atakayempata huko mlimani. Kisimba alivutwa kutoka nyuma ya nguzo akapakwa pembe hadi masikioni. Dirishani Jeannine alikuwa anacheka. Alicheka akishika tumbo lake lenye maumivu, alicheka huku anawaomba waache, na kifua cha blauzi yake kikalowa. Kabange akafungua mdomo.

Masoeur alieleza baadaye kwamba mama akitulia maziwa hushuka. Ni jambo la kawaida. Mama Umba alieleza kwamba Kabange aliingia ndani. Kamina haijaona sababu ya kuchagua.

Jumatatu benchi la baraza lilikuwa limejaa, na paka alikosa nafasi. Mwanamke wa kwanza, kutoka njia ya Kabondo-Dianda, mwenye vumbi hadi magotini, alimkataa mwanafunzi aliyekuja kumpokea.

"Miye nilikuya kwa ajili ya ule Murundi," alisema. "Ule mwenye matusi ya sauti ya chini."

* * *

Alimaliza masomo yake akiwa wa kwanza, na kwa hilo hatutashangaa. Siku ya kuondoka alivaa gauni jeupe la ukunga na medali aliyopewa na shule, akatembea hadi stesheni katikati ya Mama Mujinga na Mama Umba, sanduku lake likiwa kichwani mwa Kisimba. Ilikuwa treni ile ile ya Kabalo, ya Jumamosi. Aliwahi kuiogopa sana, na sasa alipanda ngazi zake polepole ili watu wamwone vizuri.

Akaketi dirishani karibu na mwanamke wa Albertville, mtu wa heshima mwenye mwavuli. Nje jukwaa lilikuwa limejaa. Zikapitishwa dirishani zawadi mbili mbili: mikeka miwili, vifurushi viwili vya samaki mkavu, ambaye sasa alimpenda, na makapu mawili ya mikate ya Mama Mujinga, ingali ya moto. Kyungu na Kabange waliinuliwa juu, wanene wote wawili, ili wamtazame aliyewapokea duniani. Kisha filimbi ikalia, na jukwaa zima likaanza.

"Dorothée eh! Chura ya mulima!"

"Mwizi ya batoto!"

"Endaka! Bwana yako atakuwa na mugongo sawa ngazi!"

Mama Mujinga alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja, na aliyatukana hata magurudumu. Mama Umba alitembea kando ya behewa, mrefu, bila haraka, akitaja kwa mpangilio kila kiungo cha Dorothée na kasoro yake. Mwanamke wa Albertville alijivuta mbali na dirisha, akafumbata mwavuli wake.

"Dada yangu," alinong'ona, "uliwafanya nini watu hawa?"

"Niliwazalisha," alisema Dorothée.

Treni ikajikokota. Mwishoni kabisa mwa jukwaa, peke yake, alisimama Masoeur Godelieve katika nguo zake nyeupe. Siku hiyo hakukuwa na shuka hata moja la kuhesabu. Dirisha lilipomfikia, uso wake ulikuwa mwekundu hadi kwenye ukingo wa kitambaa cha kichwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaweka mikono kinywani na kupiga kelele, kwa Kiswahili chake kizito cha Flandria, kwao Ubelgiji:

"Dorothée! Kichwa ya nyundo!"

Jukwaa lililipuka kwa vigelegele.

"Mungu wangu," alisema mwanamke wa Albertville. "Hata mtawa?"

"Hata mtawa," alisema Dorothée. Akafuta macho, akafungua kapu la mikate, akamkaribisha jirani yake, akaanza kula mbele za watu, kichwa juu.